Vita vya Vitofali Juu ya Meza Yangu ya Kulia

Hapana, sikulia. Najua ndilo mtakaloniuliza, kwa hiyo nakujibuni mapema tupumzike. Sikulia, wala sikumfukuza mtu nyumbani kwangu. Yeye mwenyewe aliinuka, akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote vitatu pole pole kama mtu anayengojea kuambiwa kaa, na hapana aliyemwambia. Miye nikakusanya vikombe. Mume wangu akabaki mezani na vitofali vyake, na toka Jumamosi ile hakuvigusa tena. Mkono uliokuwa umeanza kufunguka ukajikunja upya, na hivyo hivyo umekunjika ndivyo tulivyomzika nao.

Lakini haya nimeanzia mkiani. Ngojeni nirudi kichwani.

Mume wangu alipigwa na kiharusi akiwa bado kazini, kwenye jiko wanalopika vyakula vya ndege, hapa Hounslow, London, karibu na kiwanja cha ndege. Upande wa kulia ukalala, na ulimi ukawa mzito. Mtu aliyekuwa akianza kusema, redio inazimwa, sasa kabakia na maneno matatu: "Ndiyo." "Maji." "Wacha." Hospitali wakatuletea msichana wa mazoezi, mwembamba, sauti kama filimbi, anasema na mume wangu kama anasema na mtoto wa kunyonya: "Bana kidoogo. Haya, sasa wacha. Hodari weye." Kazi aliyompa ni kuokota vitu vidogo kwa mkono mbovu. Nikamtilia choroko kwenye sinia. Siku ya kwanza kaokota, ya pili kaokota, ya tatu kalisukuma sinia choroko zote zikamwagika kwenye zulia, kasema, "Wacha." Mpaka leo nikisogeza kochi naokota choroko.

Basi akawa anakaa dirishani, anatazama ndege zinavyoshuka. Ndege hazikatiki hapa, kwa hiyo na kukaa kwake hakukatiki.

Aliyeleta vita nyumbani ni mjukuu wetu wa kike, mtoto wa binti yangu, miaka kumi na moja, kila Jumamosi analetwa kwetu mamake akienda kazini. Kiswahili anakisikia chote, hata kile tusichotaka akisikie, lakini kujibu anajibu Kizungu, tena kwa puani kama watoto wa hapa. Miye nakupeni kwa Kiswahili, pua mjitilie wenyewe. Siku hiyo kaja na ndoo ya vitofali vya plastiki, vile vya kubana, kimoja kinashika juu ya mwenzake. Nikadhani anataka kujenga kinyumba. Kumbe maktaba wana kikundi chao, watoto na watu wazima na ndevu zao, wanajenga majeshi kwa vitofali na kupigana juu ya meza.

"Bibi, ondoa vikombe. Hapa uwanja wa vita."

"Uwanja wa vita unapanguswa na nani?"

"Na weye."

Akamkalia babu yake mbele, akamweleza sheria kama hakimu wa mahkama. Kila askari ni vitofali vitatu na kichwa. Anakwenda masafa yake, unapima kwa rula. Akipiga bunduki mnatupa dadu, namba ikija, wa upande wa pili anabanduliwa kitofali. Nyumba nayo ikipigwa inabanduliwa. Na sheria kubwa kupita zote, akainua kidole kabisa: "Kilichojengwa kipo, kisichojengwa hakipo. Hukujenga ngazi, hupandi juu. Hukujenga daraja, huvuki."

Mume wangu akamtazama. Halafu mkono ule mbovu ukatoka kwenye blanketi, ukaenda mezani kama kaa anayevuka njia, ukashika kitofali. Ukuta wa vitofali vinne ulimchukua mpaka adhuhuri. Lakini aliujenga.

Sasa nimlete na huyu mwengine. Mume wangu alikuwa na rafiki yake mmoja, mtu wa kwetu Zanzibar. Walijuana zamani Croydon, kwenye foleni ya makaratasi ya uhamiaji, wakagawana andazi moja nililomfungia mume wangu, na toka hapo wakawa ndugu. Alikuwa akipakia mizigo kiwanja cha ndege mpaka akastaafu. Mkewe alikufa mapema, watoto hakujaaliwa. Miye akiniita shemeji, na kweli alikuwa shemeji. Mume wangu alipougua, wengine walikuja mara mbili mara tatu na matunda yao, wakapotea. Yeye alikuja kila Jumamosi, mvua jua, mabasi mawili. Sauti yake ilikuwa inatoka kooni, inakwaruza kama kijiko kwenye ukoko: "Hodiii, shemeji. Yuko hai huyo mtu wako au nirudi na basi hili hili?"

Na alikuwa na neno lake moja, tukianza kutaja mitaa ya mjini: "Hayo ya mjini siyajui, shemeji. Miye mtu wa shamba. Mjini nilikuwa naja sikukuu kwa sikukuu, nala halua narudi zangu."

Sisi hatukumchokonoa. Watu wa kwetu tulioko London tuna adabu yetu moja, hapana aliyeiandika. Mkikutana arusini au mazikoni unamuuliza mwenzio mtoto wa nani, katoka mtaa gani, mamake mtu wa wapi. Kila kitu unauliza. Mwaka wa Mapinduzi unauruka, kama unavyoruka dimbwi na kanga zako mkononi. Humuulizi mtu alikuwa wapi. Ukiuliza utajibiwa, na ukishajibiwa huna tena wa kula naye pilau.

Basi mjukuu alipomwona kakaa tu na gazeti, akamwambia, "Na weye babu njoo, upande wa pili hauna jeshi." Ndiyo yakaanza.

Rula hawakuitaka. Mume wangu aliisukuma, na rafiki yake akasema, "Rula ya nini, mkono upo." Wakawa wanapima kwa shibiri, kama mafundi wa kwetu. Lakini shibiri ya mume wangu, vidole havikunjuki, ilikuwa fupi kama ya mtoto. Mjukuu akasema hiyo dhuluma, askari wa babu watakwenda nusu. Ilipofika zamu ya rafiki yake, kakunja vidole vyake mwenyewe, kapima kwa shibiri ile ile fupi. Na hivyo ndivyo alivyopima Jumamosi zote. Kila mkono wa mume wangu ulipofunguka kidogo, na wake ukafunguka kidogo.

Nakuambieni haya mjue ni mtu gani. Msije mkadhani miye sikumjua.

Na kelele zao, mngesikia. Kama wanacheza dhumna barazani. "Yakhe, askari wako huyu anakwenda vitani au anatafuta choo?" Mume wangu anahangaika na ulimi: "Ngo... ja." "Nimengoja toka saa nne, yakhe, mpaka askari wangu wameota mvi." Mjukuu anapiga meza: "Hamruhusiwi kutukanana." "Hatutukanani, mwanangu, tunasalimiana."

Siku moja mume wangu kaziachia dadu, zikaja anavyotaka, kamtazama mwenzake, kasema neno zima, limenyooka: "Leo utalala njaa." Mwaka mzima na miezi sikuwa nimemsikia akisema maneno matatu yaliyoshikana. Niliingia jikoni nikawasha birika ambalo lilikuwa limekwisha chemka.

Yule msichana wa mazoezi akaja, akamwambia abane, akabana. "Ooo, hodari weye, umefanya nini?" Mume wangu kamjibu, "Vita."

Sasa, baada ya kuzoea, mjukuu akasema vita vya uwandani vinachosha, kila mtu ajenge mtaa wake. Mume wangu kajenga wiki mbili. Alikuwa akijenga katikati ya wiki pia, na mjukuu hayupo, mezani pakawa hapaliki, tukawa tunakula magotini. Miye nilikuwa napita na ufagio wangu sitii akilini, mpaka siku moja nikasimama. Kulikuwa na kona, na duka kwenye kona, na baada ya duka nyumba ya ghorofa moja na baraza mbele, ndefu, imekatika katikati kupisha mlango. Ilikuwa nyumba ya kwetu. Nyumba ya baba yangu.

Zamani mume wangu alikuwa kijana wa mtaa wa pili, akija pale barazani na wenzake, akitumwa kuomba maji anangojea nje mlangoni. Kwa hiyo mbele kaijenga sawasawa, na nyuma kaweka ukuta mtupu. Nikacheka moyoni. Mwanamme wa nje angejuaje uani kukoje? Uani kwa wanawake. Huko kulikuwa na jiko, na nyuma ya jiko mlango mdogo wa kutokea kwa jirani, mfupi, mtu mzima hapiti bila kuinama, na kwa nje umefichwa na banda la kuku. Asiyeingia ndani ya nyumba ile haujui.

Jumamosi ikafika. Mjukuu kagawa askari. Rafiki yake alikuwa mvamizi, mume wangu mwenye mtaa. Mbele barazani mume wangu kaweka jeshi lake lote, hapapitiki. Rafiki yake kawaza, kawaza, kidevu mkononi. Halafu kachukua askari wake watano, kawazungusha nyuma ya nyumba, kwa shibiri, moja, mbili, kawaingiza.

"Babu, huingii hapo," mjukuu kasema. "Pana ukuta."

"Pana mlango."

"Hakuna mlango. Kisichojengwa hakipo."

"Upo, mwanangu. Babu yako kausahau. Huku nyuma ya jiko, penye kuku." Na kichwa chake, akisema, kikainama kidogo. "Mdogo. Unainama."

Nilikuwa nimeshika sahani ya kashata. Niliiweka mezani, juu ya barabara yao ya vitofali. Mume wangu kanitazama miye, halafu kamtazama mwenzake, halafu kanitazama miye tena. Yule naye akatazama mkono wake uliokuwa juu ya vile vitofali, akauondoa. Mjukuu peke yake ndiye hakujua kitu. "Nitakupa adhabu ya zamu moja," kasema.

"Cheza," mume wangu kasema. Kamsemeza rafiki yake, lakini macho yalikuwa kwangu. "Cheza."

Nikayaelewa. Alikuwa ananiomba nisiulize.

Nikuelezeni kwa nini haikuwa rahisi kumpa. Asubuhi ile ya Mapinduzi, baba alitutoa miye na mamangu kwa mlango ule, twende kwa jirani. Mama mbele, miye nyuma, wa mwisho. Baba alibaki ndani. Walimchukua kabla ya adhuhuri, hatukumwona tena, wala kaburi. Waliosimulia walisema watu waliingia kwa nyuma. Na mamangu, mpaka anakufa, akishikwa na homa au akikosa usingizi, ananiuliza swali moja, na sauti yake kuiiga naiweza kuliko zote, lakini hii siifanyi: "Uliuvuta mlango, mwanangu?" Namwambia niliuvuta, mama. Na kweli ni kuwa sikumbuki. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuwa nakimbia.

Sasa mtu wa kunijibu yuko mezani kwangu, anakula kashata zangu. Na mtu huyo huyo ndiye anayemfungua mume wangu mkono. Nikiuliza, nitajua, na nikishajua Jumamosi zimekwisha, na mume wangu anarudi dirishani. Nisipouliza, nitakwenda kaburini na swali la mamangu.

Nilinyamaza Jumamosi tatu. Yeye alikuja zote tatu. Nadhani alikuwa anangojea. "Hodi, shemeji," tu, yale ya kurudi na basi hayataji tena. Nilimtilia chai, nikamsukumia sukari. Mume wangu alikuwa anacheza haraka haraka, kama mtu anayekula huku anasikia basi lake linakuja. Mlango mdogo kaujenga, wiki ile ile ya kwanza, kwa kitofali cheusi. Hapana aliyeupita.

Jumamosi ya nne nilimtuma mjukuu kwa Mhindi wa kona akalete maziwa, na maziwa yalikuwepo. Mume wangu kaniona navaa uso wa kutaka kuuliza, kasema, "Wacha." Kasema tena, kwa ulimi wake wote, "Mke wangu, wacha."

Sikuacha. Nilikaa kwenye kiti cha mjukuu, penye dadu. Nikamwambia, sikupandisha sauti, "Shemeji. Ule mlango mdogo. Mliuvunja, au mliukuta wazi?"

Alikuwa kashika askari mmoja kati ya vidole viwili. Kamlaza chini, kama walivyokuwa wanawalaza askari wakishakufa. Ndege ikapita, tukaingojea ipite. Hakunitazama miye, alimtazama mume wangu, na macho yakiwa kwake ndipo akanijibu.

"Ulikuwa umefungwa, shemeji. Niliita miye, miye niliyekuwa nakuleteeni kuni, na baba yako aliposikia ni miye akafungua mwenyewe."