Dada Pole na Simu Iliyokatika

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu anajiegemeza kwenye kiti chake na kuvaa hedifoni. Mlango wa chumba uko wazi nusu ili amsikie mama yake akiita. Anatazama ruta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti nyumbani, kilichowekwa juu ya rafu kwenye korido. Taa ni ya kijani. Anashusha pumzi.

“Nikiamka, kabla sijanawa uso, naitazama hiyo,” anasema. “Mama analalamika kwamba yeye salamu yake inakuja ya pili.”

Wenzake kazini wanamwita Dada Pole, kwa kuwa hakuna neno analolitamka zaidi kwa siku. Anapokea simu za huduma ya ushauri wa afya: homa, kuungua, dawa zilizochanganywa. Kwa zamu moja, yenye urefu wa saa saba, hupokea simu kati ya hamsini na sitini. Miaka sita aliifanya kazi hiyo katika ukumbi wenye viti arobaini. Kisha mwajiri akaufunga ukumbi na kila mtu akaambiwa apokee simu akiwa kwake, kwa intaneti yake.

Kwake ilikuwa heri. Mwaka huohuo mama yake, fundi cherehani mstaafu, alipooza upande wa kulia. Nyumba ni ya watu wawili tu. Hakuna wa kupokezana naye.

Lakini kulikuwa na sharti. Ukikatika hewani mara tatu katika wiki moja, wiki inayofuata hupangiwi zamu, na asiyepangiwa halipwi. Mwezi mmoja alikatika mara kumi na nne. Mshahara ukaja nusu.

Hata hivyo, si mshahara uliomkosesha usingizi. Ni simu moja ya asubuhi ya Jumanne.

Mama mmoja alipiga simu huku akipiga kelele. Mtoto wake wa miezi minane alikuwa amekabwa na kitu, hapumui vizuri. Dada Pole akamwelekeza: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano.

“Nikamwambia, hesabu nami. Tukahesabu moja, mbili. Ya tatu nilihesabu peke yangu.”

Ruta ilikuwa imezima. Ilichukua dakika nne kuwaka tena. Wapokeaji hawazioni namba za wapigaji, kwa hiyo hakuwa na pa kumtafuta. Aliporudi hewani, simu iliyofuata ilikuwa ya mzee anayeuliza kuhusu dawa ya kikohozi.

Siku nne baadaye msimamizi wake alimpigia. Yule mama alikuwa amepiga tena na kupokewa na mfanyakazi mwingine. Mtoto alikitema kile kitu, alikuwa mzima. Lakini katika rekodi mama huyo alisikika akisema, “Yule dada wa kwanza kanikimbia.”

“Nilishukuru Mungu kwa mtoto,” anasema Dada Pole. “Halafu nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Kanikimbia! Mimi?”

Jumamosi hiyo alikwenda dukani. Muuzaji akamwonyesha ruta nyeusi yenye antena nne zilizosimama, mfano wa mende aliyelala chali. “Dada, hii inapenya hata ukuta wa jela,” alimwapia. Akalipa zaidi ya nusu ya mshahara wa mwezi. Wiki ya tatu ikaanza kuzima vilevile.

Ndipo jirani akamletea fundi wa mtandao, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alipima waya unaoingia ndani, akatikisa kichwa. Waya ni mzima. Akauliza ruta iko wapi.

Ilikuwa ndani ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi. Mama yake ndiye aliyekifuma, kwa mkono wa kushoto, miezi miwili, kama zoezi la kujifunza upya kushika sindano.

Fundi akakiondoa taratibu, akaigusa ruta. “Hii ni pasi sasa,” akasema. “Kitu hiki kinahema, dada. Mmekiziba pumzi.”

Mama aliyasikia akiwa kitandani. “Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nakuharibia kazi,” akasema, na kugeukia ukutani. Dada Pole alimaliza jioni nzima kumbembeleza. Kitambaa wamekitandika kwenye mgongo wa kiti chake cha kazi.

Joto lilikuwa nusu ya ugonjwa. Umeme nao ulikuwa ukiyumba, na kila ukiyumba ruta inajizima na kuanza upya. Ile ya antena nne ilikuwa imeshaungua ndani, na karatasi ya dhamana haikuwepo.

“Akaniuliza, unataka mbio au unataka kitu cha kusimama nawe? Nikamwambia, fundi, mimi sauti yangu tu ifike.”

Akamchagulia ruta ya kawaida, isiyo na mbwembwe: yenye matundu ya hewa pande zote, dhamana ya miaka miwili kwa maandishi, na mtengenezaji ambaye bado anatuma marekebisho ya programu yake. Bei yake ilikuwa nusu ya ile nyeusi. Akaifungia betri ndogo ya kuishikilia umeme unapoyumba, akaiweka juu ya rafu, na kuvuta waya kutoka hapo hadi kwenye kompyuta.

Leo ni siku ya sabini na moja. Imekatika mara moja tu, mafundi wa barabarani walipochimba na kukata waya wa mtaa mzima.

Je, amepumzika? Anacheka bila kutoa sauti.

“Zamani ikizima, nilipata dakika nne za kunyoosha mgongo na kumgeuza mama. Sasa haizimi. Simu zinafuatana kama siafu.”

Kutoka chumba cha pili sauti inaita, “Mwanangu, mguu!” Anainuka, anaukunja na kuunyoosha mguu wa mama yake mara kumi, anarudi. Mapumziko yake ya robo saa yamekwisha.

Wiki iliyopita, yeye na wenzake kumi na mmoja walimwandikia mwajiri barua. Wanataka ruta na betri ziwe vifaa vya kazi, zichaguliwe na fundi na kununuliwa na mwajiri mwenyewe. “Daktari haji hospitali na kitanda chake,” ndivyo alivyoandika yeye, kwenye aya ya pili.

Jibu bado. Anasema wakikubali, ataomba likizo ya siku mbili alale. Wakikataa?

“Nitalala siku moja,” anasema, akivaa hedifoni. “Kisha nitaandika barua nyingine.”