Siku kumi na moja jiko la risasi halijawashwa

Saa tatu na nusu asubuhi, Mama Chubwi anapiga deki jikoni kwake kwa mara ya tatu. Sakafu ya saruji imetakata kiasi cha kulia chakula, lakini yeye amepiga magoti, anasugua pembeni mwa ukuta kwa kitambaa cha sabuni. Simu ameichomeka kiunoni. Kila baada ya dakika chache anaigusa kuhakikisha ipo.

Mwandishi alikuja kumwona akiyeyusha risasi, ile metali nzito ya kijivu.

"Umechelewa siku kumi na moja," anasema bila kuinua kichwa. "Jiko la risasi nimelizima. Leo nasubiri simu tu."

Simu anayoisubiri ni ya daktari. Itamwambia kama risasi imeingia kwenye damu ya binti yake wa pekee, mwenye miaka mitano, na kwa kiasi gani.

Mama Chubwi ana miaka thelathini na minne, na jina hilo alipewa na wavuvi. Chubwi ni kile kipande cha risasi kinachofungwa kwenye mshipi ili ndoano izame. Za kiwandani zipo madukani, tena zimepakwa rangi, ila wavuvi wa hapa wanazitaka zake.

"Za dukani zinazunguka majini, zinasokota mshipi," anasema. "Mtu anakaa nusu saa anafungua mafundo huku samaki wanamcheka."

Kazi hiyo alifundishwa na baba mkwe wake miaka minane iliyopita. Hununua vipande vya risasi vinavyotumika kusawazisha matairi kutoka gereji, anavipanga kwenye sufuria kuukuu, anavichochea juu ya mkaa mpaka viwe uji unaong'aa. Anaondoa utando wa kijivu kwa kijiko, kisha anamimina kwenye kalibu ya mbao yenye matundu sita. Kabla risasi haijaganda, anachomeka kipete cha waya cha kufungia mshipi.

Kilo moja humpa chubwi ishirini na tano za ukubwa wa kati. Mwezi mzuri huuza mia sita. Mumewe ni fundi wa kuezeka, kazi ambayo leo ipo, kesho haipo. Kodi ya vyumba hivi viwili na ada ya chekechea hutoka kwenye sufuria ile.

Kwa miaka yote hiyo, kitu alichokiogopa ni maji. Tone moja tu likiangukia risasi iliyoyeyuka, hulipuka na kuruka huku na huku. Miaka mitatu iliyopita alikuwa akimimina uani, manyunyu yakaanza, naye akasema amalizie kalibu moja tu. Mkono wake wa kulia una makovu saba ya mviringo kuanzia kiwiko hadi kifundo.

"Lingeingia jichoni je?" anauliza. "Basi nikaapa, mvua haitanikuta tena."

Msimu wa mvua uliofuata alihamishia jiko ndani. Na kwa kuwa upepo ulikuwa unaingiza rasharasha, aliziba dirisha kwa ubao. Kila mtu alimsifu. Wifi yake anayeishi chumba cha jirani, mwanamke mnene asiyekosa neno, anakumbuka vizuri.

"Mimi mwenyewe nilimwambia, wifi, sasa umepata akili," anasema. "Kumbe tunampongeza mtu anayejifungia na moshi! Tulikuwa tunaikimbia mvua tu, basi."

Mtoto alianza kulalamika tumbo miezi minne iliyopita. Alipewa dawa ya minyoo, akarudishwa, akapewa tena. Alikonda, akapauka, choo kikawa cha shida. Kilichomtisha mama ni siku mwalimu wa chekechea alipomwita pembeni.

"Aliniambia herufi alizokuwa anazijua zote, sasa anazitazama kama mgeni. Nilimgombeza mtoto, nikamwambia ni mvivu." Anakamua kitambaa. "Nilimchapa. Andika na hilo, usiliache."

Aliyeshtuka ni daktari mpya wa zahanati, msichana mdogo kabisa. Alikuwa akimpima mtoto, macho yake yakaangukia mkono wa mama. Akauliza, "Hayo makovu ni ya nini?" Alipojibiwa, aliweka kalamu chini. Siku hiyohiyo akatoa damu ya mtoto, ikapelekwa kwenye maabara ya hospitali kubwa.

Daktari alieleza kwamba vumbi na moshi wa risasi havionekani wala havinuki, na kwamba mtoto huumia haraka kuliko mtu mzima. Jioni ile mumewe alibeba chubwi zote kwa ndoo akazipeleka kwa rafiki yake mvuvi. Sufuria ilitoka, kalibu ikatoka, ubao wa dirisha ukang'olewa. Magodoro yalifutwa, nguo zikafuliwa, na tangu hapo Mama Chubwi hajaacha kusugua.

"Usiku nalala, mikono hailali," anasema. "Hivi huyu mtoto nimemzaa mwenyewe ili nije nimlishe sumu?"

Saa tano kasoro dakika kumi simu inalia. Ni mumewe, yuko juu ya paa la watu, anauliza kama wamepiga. Wifi ananyang'anya simu. "Shuka kwanza ndiyo uulize! Ukianguka tutalia vilio viwili?" Anakata.

Dakika ishirini baadaye inalia tena. Safari hii ni daktari. Mama Chubwi anaweka sauti ya nje, kwa sababu, anasema, masikio yake hayaamini tena.

"Majibu yamekuja, mama. Ni thelathini na nane."

"Kwa mia?"

"Hapana, mama, hizi si alama za mtihani. Hapa ikiwa ndogo ndiyo nafuu. Tungetaka isifike hata tano. Ingefika arobaini na tano tungemlaza leo."

Mama Chubwi anakaa sakafuni, kwenye unyevu wa deki yake. Daktari anaendelea polepole. Mtoto ale vizuri, aoshwe mikono kila mara, arudi kupimwa baada ya mwezi. Namba inaweza kushuka, kama risasi haiingii tena. Kuhusu herufi, hawezi kuahidi kitu.

"Ila kuna jambo linanisumbua," daktari anasema. "Kwa vumbi peke yake, namba hii naiona kubwa. Huwa anatia chubwi mdomoni?"

"Hapana, daktari. Na humu ndani hakuna tena hata moja."

"Muulize mwenyewe. Usimtishe. Halafu nipigie."

Mtoto anaitwa kutoka uani. Ni mwembamba, magoti yamemtoka. Mama anachuchumaa mbele yake na kujitahidi kutabasamu.

"Mama, wewe ulishawahi kuweka chubwi mdomoni?"

Mtoto anamtazama shangazi yake, kisha mama yake. "Nikiuza tu," anajibu.

"Unauza nini?"

Anakimbilia chumbani, anaingia chini ya kitanda hadi nyayo tu ndizo zinazoonekana, anatoka na kopo la maziwa ya unga. Anakaa chini, anamimina kilichomo. Ni chubwi tisa. Anachagua moja, anaiinua kwenye mwanga, kisha anaiga sauti nzito ya mwanamume mzima: "Ngoja kwanza niipime." Anaipeleka menoni. Mama anamdaka mkono.

Ndivyo wanunuzi wanavyofanya. Risasi safi ni laini, jino huacha alama. Iliyochanganywa na metali nyingine hukataa. Mama Chubwi mwenyewe huwaambia wateja wenye shaka, "Ng'ata uone." Amelisema neno hilo mlangoni hapa mara elfu, mtoto akiwa miguuni pake.

Wifi alikuwa ameshaanza kucheka ile sauti. Anaziba mdomo.

Mama Chubwi anazigeuza chubwi moja baada ya nyingine kwenye kitambaa cha deki. Zote tisa zina alama, ndogo, zimepangana vizuri. Ni meno ya maziwa.

"Siku kumi na moja nasugua ukuta," anasema.

Mpango anao. Yule mvuvi aliyehifadhi ndoo amempa kona ya kiwanja chake, mbali na nyumba za watu. Atapaua bati juu na kuacha pande zote wazi, mvua isiingie na moshi utoke. Nguo za kazi zitabaki hukohuko, ataoga hukohuko. Na mteja atakayeng'ata chubwi mbele yake hamuuzii, hata kama ni mkwe. Ila bati halitanunuliwa mpaka mtoto apimwe tena.

"Kwanza ishuke," anasema. "Ishuke, mengine baadaye."

Anabonyeza namba ya daktari. Mkono mmoja umeshika simu, mwingine umeshika kidevu cha mtoto.

"Daktari, nimejua anakoipata. Sasa itashuka, si ndiyo?"

Mtoto anamvuta nguo, anataka kujua atarudishiwa lini duka lake.