Ramani ya makala za korona, na dada yangu aliyejitafuta ndani yake

Wakuu, habari za majukumu. Niko Bangwe, Kigoma, na haya yamenikuta mimi mwenyewe. Chumvi sijaongeza, huku tunaiweka kwenye samaki wetu mgebuka tu.

Mwenzenu nafundisha sekondari huku nasoma masters. Utafiti wangu ni kuchora ramani ya makala za kisayansi kuhusu korona na watu ambao tayari wana magonjwa mengine: kisukari, presha, pumu, figo na kadhalika.

Sikupima mgonjwa hata mmoja, tuelewane hapo. Nilipakua taarifa za makala tangu korona ianze, nikailisha programu ya kompyuta. Yenyewe inahesabu kila ugonjwa umeandikwa mara ngapi, inauchorea duara. Umeandikwa sana, duara kubwa. Umeandikwa kidogo, duara dogo. Basi.

Siku picha ilipotokea kwenye skrini nilicheza peke yangu chumbani! Miezi nahangaika na bando, leo naona maduara ya rangi yameshikana kwa nyuzi, kisukari na presha yamevimba katikati. Raha niliyoisikia siwezi kuisimulia.

Nikamtumia msimamizi wangu Dar. Akajibu mstari mmoja tu: ramani nzuri, lakini inatuambia nini? Niirudishe Ijumaa ikiwa na jibu.

Nikanuna. Hasira zangu ziko karibu, wanaonijua wanajua.

Nikaenda Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma, kuiprinti kwa rangi, karatasi ile kubwa, nikidhani nikiikodolea macho jibu litakuja. Nikapitia sokoni kwa dada yangu mkubwa, Mwajuma, anauza dagaa na mgebuka wa kukausha. Sitawaficha, nilikwenda kuringa.

Sasa dada ana selimundu tangu utotoni, wengi mnaiita siko seli. Alhamisi ya wiki hiyo alikuwa na kliniki, na muuguzi alishamwambia siku hiyo achanjwe korona. Alikuwa anasitasita, mimi na shemeji tukambembeleza mpaka akakubali.

Akafuta mikono kwenye khanga, akaishika karatasi. Swali la kwanza: "Mimi niko wapi?"

Nikamwonyesha. Kiduara kidogo, pembeni kabisa. Akacheka, akawaita wenzake wa meza za jirani waje waone ugonjwa wake ulivyo mdogo. Nami nikacheka nao. Hapo ndipo nilipokosea wakuu, maana sikusema neno.

Jumatano jioni shemeji ananipigia. Dada kagoma. Kliniki haendi, chanjo hataki. Anasema mdogo wake msomi kamwonyesha kwenye karatasi kwamba korona haina habari na watu wa siko seli, inawataka wa kisukari.

Mtu wa siko seli akiipata korona anaweza kuumia vibaya, na karatasi iliyomdanganya ni yangu. Nikadaka boda mpaka Ujiji kwake.

Nilimkuta anachambua dagaa. Nikamweleza kwamba duara halipimi hatari, linapima wingi wa maandishi. Kwamba wengi wanaoandika wako nchi ambako siko seli ni ya watu wachache, kwa hiyo wanaandika yanayowagusa wao. Akaniangalia, ungo mapajani.

"Kwa hiyo mimi ni mdogo hapa kwa sababu hawajaniuliza?"

Nikamwambia ndiyo, dada.

"Sasa mbona hukuandika hivyo? Mtu akiona udogo atajuaje kama amesalimika au amesahauliwa?"

Wakuu! Swali la msimamizi limenilaza macho siku zote hizo, kumbe jibu lake analo muuza dagaa. Nikamwomba radhi vizuri, mkubwa ni mkubwa. Akamaliza kwanza kuchambua dagaa wake, halafu akasema atakwenda, ila nimpeleke mwenyewe.

Alhamisi tulikwenda. Akaonana na daktari, akachanjwa, mkono ukamuuma siku mbili na lawama zote zikaja kwangu. Nikiwa kwenye benchi namsubiri niliandika kwa simu maelezo mapya ya chini ya ramani: kwamba udogo wa duara si usalama, ni pale ambapo watafiti bado hawajauliza. Yale maduara madogo yakawa ndiyo sura nzima ya utafiti wangu.

Ijumaa nikatuma. Msimamizi, ambaye tangu nimjue hajawahi kunipigia, akapiga. Akasema sasa hiki ndicho kitu, nimekitoa kitabu gani? Nikamwambia kwenye dagaa. Akadhani namtania.

Nilichojifunza: ukimwonyesha mtu takwimu, mwambie kwanza kilichohesabiwa, kabla hajaanza kujitafuta humo. Kuna anayeweza kuacha dawa kwa ajili ya picha yako nzuri.

Karibuni mnikosoe, wataalamu mpo humu. Na kama una ugonjwa ambao hausikii ukitajwa popote, uandike hapo chini. Laptop iko wazi mbele yangu, naanza kuutafuta leo hii.