Alikotokea Kipanga

Nilikuwa na miaka tisa, kijijini kwetu si mbali na Kolandoto, mwaka ambao kipanga alizoea uani kwetu. Mama alipopepeta mtama asubuhi, chiriku walishuka kutoka kwenye ua wa minyaa kuokota chenga. Kipanga yule hakuwaangukia kutoka juu kama mwewe anayebeba vifaranga. Alijificha nyuma ya nyumba ya jirani yetu Bibi Kabula, mjane aliyeishi peke yake, kisha akaruka chini chini, usawa wa goti, akauzunguka ukuta wake na ghafla akawa katikati ya chiriku. Nilimvizia kila siku. Nilijivunia kumjua.

Wakubwa walisema kipanga anayezoea ua mmoja ana mwenyewe. Anatumwa na mchawi azoee njia, baadaye abebe roho ya mtu.

Kisha mdogo wangu Masanja akashikwa na homa, akafa. Matanga hayajaondolewa, baba akaniita mbele ya wanaume.

"Yule ndege huwa anatokea wapi?"

"Kwa Bibi Kabula," nilijibu haraka, nikifurahi kuulizwa. "Kila siku, baba."

Hakuna aliyeuliza kwa nini anatokea huko.

Asubuhi iliyofuata waliibomoa nyumba yake. Alipita mbele yetu akiwa na kitenge alichovaa na sufuria moja, jicho limevimba. Kwa mazoea tu nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema, asisimame. Hatukumwona tena, wala hakuna aliyemtafuta.

Wiki haikuisha, kipanga akarudi. Ukuta wa kujificha haukuwepo tena, kwa hiyo alitokea nyuma ya zizi letu wenyewe. Alimkamata chiriku, akakaa naye kwenye nguzo akimnyonyoa taratibu. Niliyaona yote peke yangu, nikanyamaza. Niliogopa wangeniuliza tena, na safari hii jibu lingekuwa ni sisi.

Sasa naishi Nyasubi, na wanangu ni wakubwa kuliko nilivyokuwa wakati ule. Mwaka jana nilimwuliza baba kama anamkumbuka Bibi Kabula.

"Si wewe ndiye uliyetuambia?" akasema.

Nilichowaambia siku ile kilikuwa kweli tupu. Kunyamaza ndiko kulikofuata, na huko sikutumwa na mtu.