Miezi Kumi na Minne ya Kusukuma

Katika karakana moja ya kushona sare za shule, mpiga pasi aliitwa Mama Kicheko, na jina hilo lilikuwa limeshamchosha. Zamani alicheka hadi cherehani zikasimama. Tangu amzae mtoto wake wa tatu, kilo nne na nusu, hakucheka tena, kwa sababu akicheka mkojo ulimtoka. Akipiga chafya ulimtoka. Akinyanyua bunda la mashati ulimtoka, na kazi yake ilikuwa kunyanyua mabunda kutwa nzima. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu alikuwa amezaa, tena watatu, na bado alificha, kwa vitambaa vilivyokunjwa ndani ya nguo na aproni nyeusi juu yake.

Mtu asije akasema alibweteka. Siku aliporuhusiwa kutoka wodini, muuguzi mwenye haraka zake aliwakusanya akina mama koridoni akawaambia, "Mkifika nyumbani fanyeni mazoezi ya huko chini, mara tatu kwa siku, mshikilie hadi kumi." Akaenda zake. Yafanywe vipi, hakusema, na nani angeuliza mbele za watu? Neno pekee ambalo Mama Kicheko aliwahi kuambiwa kuhusu huko chini lilikuwa "sukuma." Basi akasukuma. Asubuhi, mchana, jioni, pumzi amezibana, mishipa ya shingo imemtoka, miezi kumi na minne bila kuacha hata Jumapili. Kadiri alivyojitahidi ndivyo alivyozidi kulowa.

Ijumaa moja shati jeupe likapata doa. Msimamizi, mwanamke mwenzake, alilinusa.

"Mwenzangu, mimi sikuchukii," alisema. "Lakini Jumatatu uje mkavu, au usije kabisa."

Mama Kicheko alitoka hapo moja kwa moja hadi zahanati. Mkunga mtu mzima alimlaza, akavaa glavu, akamwambia afanye hilo zoezi lake. Akafanya.

"Nani kakufundisha hivi, mwanangu?"

"Nilijifundisha."

"Unasukuma. Hili ni la kuvuta, kwenda juu. Fanya kama mtu aliyebanwa na ushuzi mbele ya mkwewe. Na upumue!"

Akavuta. Kitu kidogo kikainuka ndani, kikatetemeka, kikashuka. Kumbe kilikuwepo siku zote. Alilia kwa hasira, akimlaani yule muuguzi wa koridoni, akizilaani na haya zake mwenyewe.

"Usilie, misuli iko hai. Fanya hivyo kila siku, baada ya miezi mitatu utaona tofauti. Na usinyanyue vizito."

"Mimi nina hadi Jumatatu, mama."

Mkunga akavua glavu, akamwita anayefuata.

Jumatatu, kabla ya kila bunda, alivuta kwanza, akapumua. La kwanza likapita. La pili likapita, akaanza kutumaini. La tano lilikuwa la makoti. Alivuta, akavuta tena, misuli ikakataa, na joto likamshuka hadi viatuni. Msimamizi alitazama sakafu, kisha akautazama mlango.

Mama Kicheko alivua aproni. Karibu na mlango alikaa mshonaji mwenye mimba ya miezi minane. Alisimama mbele yake, amelowa hivyohivyo, karakana nzima ikitazama.

"Ukishajifungua, usisukume," alimwambia kwa sauti. "Vuta juu."

Mjamzito aliinamisha uso kwenye cherehani yake, akajifanya hakusikia.