Turbo ya Mchesi inakimbia mbele ya muteja tu

Mi niko mzee, lakini leo ku soko ya Mchesi nilitaka kupiga mutu na kompyuta aliyoniuzia!

Natengeneza video za harusi hapa Dzaleka. Bibi harusi anangoja yake, bageni bataiona leo jioni ku salle, ukumbi ya kanisa.
Mashini inakimbia dakika moja, halafu inakokota kama bwana harusi asiye na mahari.

Nikairudisha kwa muuzaji. Akafungua picha moja, pa! "Papa, si unaona mbio? Iko na turbo."

"Ipe video ya harusi nzima," nikamwambia.

Ikakimbia. Ikachoka.

Njo akasema kweli: "Papa, turbo ni ya muda kidogo. Kazi ikiwa nzito, inarudi ku mupaka yake ya umeme, inaenda polepole."

Mujanja huyu! Siku ya kuuza, mupaka ilikuwa wapi?

Nikabeba kiti yake, nikakaa mulangoni. Muteja akiuliza kama mashini ziko mbio, najibu: "Karibu mwanangu, tungoje harusi pamoja." Bote bakacheka, bakaenda zao.

Muuzaji kuona bateja banamukimbia, akanifungulia haraka mashini yake kubwa ya mezani. Video imeisha, iko ku flash mu mufuko.

Hasira ingalipo.
Na nyinyi, mashini zenu mulipimiwa na picha moja tu?