Muhogo Kwenye Shamba la Wengine

Mume wa Jael Imali alipokufa alimwachia shamba la mashimo. Alikuwa mtu wa dhahabu. Kila aliposikia kuna jirani aliyeokota chembe, alishika sururu akaenda kuchimba pahali papya, na hakuwa na desturi ya kufukia. Ukipita kwake, huku Iguhu, ungeona mahindi yamesimama kwa makundi kando ya mashimo, na katikati hakuna kitu. Dhahabu aliyoipata ilimalizikia kwenye pombe. Jael hakupoteza wakati kulalamika. Alianza kuuza mboga za majani katika soko la Khayega, akaingia kwenye viazi vitamu, kisha chochote kinachoweza kununuliwa asubuhi na kuuzwa kabla ya jua kuzama. Mimi nilikuwa na meza ya chumvi na sabuni karibu naye. Ninayoyaeleza hapa niliyaona, au aliniambia mwenyewe, na Jael hakuwa mtu wa kupamba habari.

Kwetu muhogo si chakula cha kujivunia. Mgeni ni kuku na obusuma, ugali wetu. Ukimwekea muhogo ataenda kukusema. Lakini tangu mwezi wa nne hadi wa saba, mahindi ya mwaka uliopita yakiwa yamekwisha na mapya bado yako kwenye maua, muhogo ndio unaonyamazisha watoto. Basi mwaka wa tisini na sita majani yake yakaanza kuingia madoa ya manjano na kujikunja. Ukichimba, unatoa mizizi isiyozidi kidole. Watu wakakata vijiti kwa majirani wakapanda upya, na kwa njia hiyo kila mmoja akapanda ugonjwa wa mwenzake.

Jael akasikia sokoni kwamba kituo cha utafiti kina vijiti vya muhogo visivyoshikwa na ugonjwa huo, ila wanavitoa kwa vikundi tu. Kwa hivyo akatengeneza kikundi. Nyumba sita. Milcah, jirani yake wa upande wa mtoni, mwanamke mpole aliyeolewa na Phanuel. Lynette, aliyekuwa ameolewa juzijuzi tu lakini ulimi wake ulikuwa wa siku nyingi. Na wanawake wengine watatu ambao walikuja kwa sababu Milcah alikuja.

Vijiti walipata. Shida ikawa ardhi, maana ilibidi vipandwe mbali na muhogo mgonjwa. Mwenye ardhi ya namna hiyo alikuwa Mzee Lumadede, mtu wa fahali wa kupiganishwa, ambaye dume lake lilijulikana mpaka Shinyalu. Upande wa chini wa boma lake kulikuwa na kona iliyolala bila kulimwa.

"Pandeni," aliwaambia. "Lakini dume langu likipita hapo, msije kwangu na machozi."

"Kwani dume lako linakula muhogo, kuka, babu yetu?" Lynette akauliza.

"Linakula linachotaka. Ndiyo maana linashinda."

Wakacheka, wakapanda mwezi wa nne wa mwaka wa tisini na saba. Sharti lilikuwa moja: hakuna atakayegusa kijiti mpaka siku ya kukata, na siku hiyo nyumba zote sita zitakata pamoja, kila moja ipate mbegu yake, kisha kila moja impe mtu mwingine mmoja. Zilipokuja mvua za El Nino na kubeba madaraja, wao walikuwa wamechimba mitaro, na kona yao haikuondoka. Kufika mwezi wa pili mwaka uliofuata, muhogo ulikuwa umempita Lynette kwa kimo. Majani yalikuwa mapana, ya kijani kitupu. Watu walikuwa wanatoka mbali kuja kuyaangalia tu. Ilibaki kungoja mvua za mwishoni mwa Machi ili wakate na kupanda.

Mzee Lumadede akafa.

Mtu wa fahali hazikwi kimya huku kwetu Idakho. Madume huletwa kutoka kila upande, yamefungwa majani kwenye pembe, ngoma za isikuti zikipigwa, na yanapitishwa katika boma na mashamba ya marehemu yakikanyaga alichokipanda. Hiyo ndiyo shilembe. Ni heshima: mwenye shamba ameondoka, mazao yake yabaki kwa ajili ya nani? Wala hakuna anayedai fidia. Atakayedai ni kama amemtukana maiti.

Wanawake wakakutana kwa Jael siku ile ile.

"Tukate leo," Milcah akasema. "Tuvilaze kwangu kule mtoni, kivulini, tuvifunike kwa magunia mabichi mpaka mvua."

"Nusu vitakauka," Jael akasema.

"Nusu vitabaki, Mama."

"Kwa nini nipoteze nusu ya kitu ambacho naweza kukiokoa chote kwa mdomo?"

Lynette akapiga makofi. "Mdomo huu! Siku moja utauza hata msiba."

"Nikipata mnunuzi, nauza," Jael akajibu, akafunga kitambaa vizuri akaenda matangani.

Aliyesimamia mazishi alikuwa Chrispinus, kifungua mimba wa Mzee, aliyekuwa amefika kutoka Nairobi na viatu ambavyo tayari vilikuwa vimeharibika kwa matope ya jikoni. Jael ni mke wa ukoo huo, kwa hivyo kwake yeye ni shemeji.

"Pole na msiba, mulamwa."

"Tumepoa, shemeji. Karibu kiti."

"Watu ni wengi."

"Na wa Shinyalu hawajafika. Sijui watakula nini. Ndugu zangu wamejua kulia tu."

Jael akavuta kiti karibu. Halafu akasema, "Sisi nyumba sita tuna mahindi. Tuna na maharagwe. Tutawapikia watu wako mpaka mzee azikwe. Kuni zetu, sufuria zetu, mikono yetu."

"Na unataka nini?"

"Kona ya chini. Madume yapite juu, kwenye migomba na mahindi ya mzee. Kule chini yasifike."

"Ni hilo tu?"

"Hilo tu."

"Shemeji, chukua! Nitawaambia vijana. Nitafunga hata kamba."

Aliniambia baadaye kwamba palepale alianza kushuku. Mtu akikubali bei ya kwanza bila hata kukuna kichwa, ama hajui thamani ya kitu chake, ama kitu si chake. Lakini alikuwa ameshatoa mkono.

Wakapika. Mahindi yaliyowekwa kwa ajili ya mwezi wa tano yakaliwa mwezi wa pili na watu ambao hata majina yao hawakuyajua. Phanuel alipita jikoni akamwona mkewe akimimina gunia la mwisho, akasema kwa sauti ya kusikika, "Wengine wanazika baba yao, sisi tunazika ghala." Na hakuwa amesema uongo.

Siku ya shilembe kamba ilikuwepo kweli. Chrispinus alikuwa ameifunga kwa miti minne, na Jael alisimama mbele yake kama mtu aliyelipia mzigo anaungojea dukani. Isikuti ikasikika kutoka barabarani. Dume la marehemu ndilo lililotangulia, na nyuma yake madume mengine, na nyuma yake umati. Wakapita kwenye migomba. Wakapita kwenye mahindi. Walipofika pahali pa kugeuka, dume halikugeuka. Miaka yote kabla ya muhogo lilikuwa linateremka kupitia kona ile kwenda kunywa maji.

Mzee mmoja akaiona kamba akasimama. "Nani huyu amemfungia marehemu shamba lake mwenyewe?"

Kijana akaikata kwa panga.

"Njia ni ya juu!" Jael akapiga kelele. "Tumekubaliana! Chrispinus! Njia ni ya juu!"

Chrispinus alikuwa huko nyuma, tai imezunguka begani, mdomo unafunguka na kufungika. Mbele ya isikuti hakuna anayesikika.

"Ondoka hapo, Mama! Hili halijui mkataba!" kijana mmoja akamwambia huku anacheka, na bado alikuwa anacheka wakati ubavu wa dume ulipomgonga Jael na kumtupa kwenye mtaro. Halikumpiga pembe wala halikumtazama. Lilikuwa linapita tu. Nyonga ikavunjika.

Muhogo ulilala wote. Vijana wakavunja mashina wakayapunga juu wakicheza, na hapo ndipo Lynette alipofanya jambo ambalo mpaka leo watu wanalisimulia. Aliingia katikati ya wachezaji, akacheza nao, akitikisa mabega vizuri kuliko wao, na kila alipomfikia mtu alimnyang'anya kijiti akakitia chini ya kwapa. Milcah na wale wengine walikuwa wanaokota nyuma ya miguu ya ng'ombe. Waliyoyapata mengi yalikuwa yamepasuka au yamechubuka macho ya kuchipua. Wakayalaza mtoni chini ya magunia mabichi, kama Milcah alivyokuwa amesema tangu mwanzo.

Chrispinus alimtembelea Jael hospitali, mkate mkononi. "Nisamehe, shemeji. Wallahi niliwaambia."

"Najua uliwaambia. Hukuwa na cha kuniuzia. Kosa ni la mnunuzi."

Mvua zilipoanza, vijiti vilivyokuwa bado hai vilitosha kukumbatiwa na mtu mmoja. Wanawake walikuja kwa Jael, yeye amelala, mguu umenyooshwa.

"Tugawane," Lynette akasema. "Kila nyumba kidogo chake."

"Mkigawana mmeviua. Wewe utavipanda wapi? Mama mkwe wako amekataa kung'oa muhogo wake mgonjwa. Kwangu ni mashimo. Vipandwe vyote mahali pamoja, kwa Milcah. Kuna maji, na hakuna muhogo karibu."

"Na watoto wetu wale nini mwaka huu? Mahindi umewalisha wageni."

Milcah akainua mkono. "Mungu ni shahidi, mwaka ujao tutakata pamoja." Wakakubali kwa shingo upande. Phanuel hakuwepo, na hakuna aliyefikiri kumuuliza.

Njaa ya mwaka huo ilikuja mapema. Watu walichemsha majani ya maharagwe, wakachemsha maembe machanga. Jael alikuwa anaburuta mguu hadi sokoni na kukaa mbele ya kikapu kitupu, kwa sababu hata cha kuuza hakikuwepo. Mwezi wa sita, mtoto wa Lynette, yule wa kwanza, alizikwa. Hospitali walisema ni malaria. Lynette alisema ni malaria. Sisi wote tulisema ni malaria, na kweli malaria ilikuwa nyingi mwaka huo. Tangu siku ile Lynette hakumsalimu Jael tena. Na bado, kule mtoni kwa Milcah, hakuna mtu aliyeng'oa shina hata moja, wala Milcah mwenyewe, ambaye watoto wake walikuwa wanapita kando yake kila wakienda kuchota maji.

Machi ya tisini na tisa muhogo ulikuwa tayari. Jael alipofika na fimbo yake, alimkuta Phanuel ameketi mlangoni, na kando ya nyumba mafungu ya vijiti yamefungwa kwa kamba. Mfanyabiashara kutoka Matete alikuwa amechukua mengi asubuhi.

"Hivyo ni vyetu, Baba," Jael akasema.

"Shamba ni la nani?"

"Lako."

"Basi kinachoota humo ni changu. Nasikia mliapa. Mimi niliapa lini?"

Milcah alikuwa nyuma yake, anatazama chini. Jael hakumwuliza kitu. Kumwuliza kungemletea kipigo na kusingeleta kijiti.

"Umebakisha mafungu mangapi?"

"Haya unayoyaona. Kesho anarudi kuyachukua."

Jael hakuwa na pesa, na Phanuel alijua. Jael akazungusha macho uwanjani. Shamba la juu lilikuwa bado gumu, halijaguswa, na mvua ilikuwa inanukia.

"Hilo utalilima na nani?"

"Nitatafuta vibarua."

"Vibarua watakula, watataka pesa, na watalima juujuu. Sisi tutalima mpaka chini, tusile kwako, na tutachukua mafungu yote yaliyobaki."

"Yote? Nusu."

"Basi mpe wa Matete, ulime mwenyewe. Mgongo ni wako."

Phanuel akatema mate, akatazama shamba, akatazama mawingu. "Mlime mpaka kwenye ua. Na magugu mtoe."

Wakaja, wanne pamoja na Lynette, majembe begani. Milcah akashika jembe la tano, akalima shamba la mumewe ili alipwe mbegu yake mwenyewe. Jael hakuweza kuinama. Alikaa kwenye jiwe akinoa panga na kutupa magugu kando. Walilima bila kuimba.

Walipomaliza, Phanuel akatoa mafungu. Jael akachukua kijiti kimoja kimoja, akakwaruza ganda kwa ukucha. Panapotoka maziwa, kijiti ni kizima.

"Hiki kimekufa. Lete kingine."

"Mwanamke, umekuja kunifilisi?"

"Wamelima mpaka kwenye ua. Lete."

Lynette alikuwa amesimama pembeni, matope mpaka magotini, fungu lake mkononi. Akalisogeza mbele ya Jael.

"Angalia na vyangu," akasema.

Jael akavikwaruza vyote. Viwili vilikuwa vimekauka. Phanuel alibadilisha kimoja.